Kubadilisha Beringi za Stelingi kwenye Massey Ferguson 35 na 135: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yamekusudiwa kwa wamiliki na mafundi wa matrekta ya zamani ya Massey Ferguson 35 na 135 yenye stelingi ya mkono, yaani isiyosaidiwa na pampu ya mafuta. Mengi yaliyomo yanafaa pia kwa matrekta mengine ya umri huo, lakini vipimo, idadi ya gololi na umbo la boksi hutofautiana, kwa hiyo ni vizuri kuwa na kitabu cha karakana cha trekta lako mkononi kabla ya kulegeza nati ya kwanza.

Kwa nini stelingi ya matrekta haya inahitaji maelezo yake ya pekee?

Kwa sababu imepangwa tofauti na stelingi ya gari. Trekta la 35 lilitoka mwaka 1956 likiwa bado na jina la Ferguson, kisha likaendelea kwa jina la Massey Ferguson, na 135 likarithi nafasi yake kuanzia mwisho wa mwaka 1964. Yote mawili yalitengenezwa Coventry, Uingereza, na yote mawili yalifuata wazo la Harry Ferguson la kuwa na mikono miwili ya stelingi badala ya mmoja. Boksi la stelingi limekaa juu ya gia boksi, nyuma ya injini, na kila upande wake umetoka mkono unaoshika rodi ndefu inayokwenda mbele hadi kwenye tairi la upande huo. Katika toleo lenye ekseli ya mbele iliyopinda kuelekea nyuma, hakuna rodi inayounganisha tairi la kulia na la kushoto. Faida yake ni kwamba mkulima anaweza kutanua matairi ya mbele kufuata nafasi ya mistari ya mazao bila kuvuruga stelingi. Hasara yake ni kwamba kila kitu kinachochakaa kiko mara mbili, na upande mmoja unaweza kuwa mzima huku mwingine umekwisha.

Ukikuta trekta lako lina mpangilio mwingine mbele, usishangae. Matrekta haya yamepita mikononi mwa watu wengi, na ekseli zimehamishwa kutoka trekta moja hadi jingine kwa miaka zaidi ya hamsini.

Usukani wangu unazunguka robo nzima kabla matairi hayajasogea. Je, beringi za boksi zimekwisha?

Huenda, lakini hilo liwe jambo la mwisho kuamini. Boksi ndilo sehemu ngumu zaidi kufikia, na kwa uzoefu wangu ndilo linalosingiziwa zaidi kuliko sehemu zote. Kabla ya kulifungua, tafuta mchezo uko wapi, kiungo kwa kiungo, kuanzia usukani hadi kwenye tairi.

Liweke trekta mahali tambarare, weka vizuizi kwenye matairi ya nyuma, kisha inua ekseli ya mbele kwa jeki katikati na uiegemeze juu ya stendi au magogo imara. Usilale chini ya trekta lililoshikwa na jeki peke yake. Elekeza matairi mbele, kisha mtu mmoja aketi kwenye kiti na kuuyumbisha usukani kidogo kulia na kushoto, polepole, bila kuacha. Wewe shika kila kiungo kwa vidole. Kidole huhisi mchezo ambao jicho haliuoni. Anza kwenye mikono miwili inayotoka kwenye boksi. Kama usukani unayumba na mikono haisogei kabisa, tatizo liko ndani ya boksi au kwenye shafti yake. Kama mikono inasogea mara moja lakini rodi inachelewa, kichwa cha rodi kimekwisha. Kama rodi inasogea na mkono ulio juu ya kingipini, yaani nguzo ya chuma ambayo tairi la mbele hupindia, unachelewa, tazama ufunguo mdogo wa nusu mwezi na bolti inayoubana mkono huo. Kama mkono huo unasogea na tairi bado linachelewa, umefika kwenye kingipini, bushi zake au beringi za habu, yaani kitovu cha tairi.

Sasa rudi kwenye usukani wenyewe. Ushike kwa mikono miwili, uvute juu na kuusukuma chini kwa kufuata mstari wa shafti, bila kuuzungusha. Ukisikia shafti inapanda na kushuka, hata kwa unene wa ukucha, beringi za shafti zimechakaa au zimelegea. Kama haipandi wala haishuki lakini unazunguka bure, beringi za shafti huenda bado ni nzima na kilicholika ni nati ya gololi, yaani ile inayopanda na kushuka kwenye shafti ya usukani juu ya gololi, au meno ya shafti za pembeni zinazobeba ile mikono miwili. Kama usukani unayumba kushoto na kulia kama mti uliolegea mzizi, angalia bushi ya juu ya safu ya usukani, ambayo ni kitu kidogo na rahisi kubadilisha. Nimeona boksi zima likishushwa kwa ajili ya bushi hiyo tu.

Ni beringi zipi hasa zinazoitwa beringi za stelingi?

Jina hili hutumiwa kwa vitu vitatu tofauti, na muuza spea akiuliza "ya wapi?" ni lazima uwe na jibu. La kwanza ni beringi mbili za shafti ya usukani, moja juu na moja chini ndani ya boksi, ambazo katika matrekta haya ni gololi huru zinazozunguka kwenye vikombe, yaani pete za feleji zenye njia ya gololi. La pili ni beringi ya mzigo iliyo kwenye kila kingipini, ambayo hubeba uzito wa mbele wa trekta huku ikiruhusu tairi kupinda. La tatu ni beringi za habu, ambazo ni za rola zilizochongoka, mbili kwa kila tairi, na kazi yake ni kuzunguka na tairi. Hazihusiki na kupinda, ingawa zikilegea dereva huhisi ni stelingi. Sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu zile za shafti, kwa kuwa ndizo zinazowatisha watu.

Fundi amesema atakaza skrubu ya pembeni ya boksi na mchezo utaisha. Nimruhusu?

Usimruhusu kabla hajaonyesha mchezo uko wapi. Skrubu ile husogeza shafti yenye meno ili ibane zaidi kwenye meno ya nati, na haina uhusiano wowote na beringi za shafti ya usukani. Kama shafti inapanda na kushuka kwa sababu gololi zimelika, kukaza skrubu kutaficha mchezo kwa muda mfupi huku kukiongeza shinikizo kwenye beringi ambazo tayari zimechoka.

Kuna hatari nyingine inayosahaulika. Trekta hutembea moja kwa moja muda mwingi kuliko linavyopinda, hivyo meno ya katikati ndiyo yanayolika zaidi, na meno ya pembeni hubaki karibu na upya wake. Ukikaza hadi katikati pakose mchezo kabisa, usukani utakaba ukipinda. Dereva atakata kona mwishoni mwa shamba, usukani utagoma kurudi, na hapo atakuwa na tatizo kubwa kuliko lile la kuyumba barabarani. Mpangilio sahihi ni beringi kwanza, meno baadaye.

Beringi hizi huharibiwa na nini, ikiwa trekta haliendi mbio?

Adui wa kwanza ni maji. Trekta likilala nje mvua za masika zote, maji hushuka kando ya shafti ya usukani kupitia juu ya safu ambapo kizuizi cha mpira kimepasuka, na mwisho wa safari yake ni beringi ya chini, ndani ya boksi. Mafuta hugeuka rangi ya maziwa, na gololi hupata madoa ya kutu. Doa dogo kama ncha ya sindano linatosha, kwa kuwa kila gololi ikipita juu yake hukwangua kidogo, na chuma kilichokwanguliwa husaga kilichobaki.

Adui wa pili ni ukavu. Boksi hili lina mafuta yake ambayo hayachanganyiki na ya gia boksi, na tundu lake la kujazia ni rahisi kusahaulika. Sili za shafti za pembeni zikivuja, boksi hukauka polepole na hakuna taa itakayokuonya.

Adui wa tatu ni kupinda usukani trekta likiwa limesimama, hasa likiwa na mzigo mbele. Dereva hutumia nguvu zote za mabega, na nguvu hiyo yote hubebwa na gololi chache zilizotulia mahali pamoja. Zikirudiwa hivyo kwa miaka, huchimba vishimo kwenye kikombe, na usukani huanza kuwa na vituo unavyovihisi mkononi. Mwelekeze dereva wako aanze kusogea kidogo kabla ya kupinda. Ushauri huu hauna gharama.

Ninahitaji vifaa gani?

Jambo muhimu kuliko yote ni spana za inchi. Nati na bolti za matrekta haya ni za vipimo vya inchi, na spana ya milimita inayokaribia kutosha ndiyo inayokula pembe za nati mpaka ikalazimu kukatwa kwa patasi. Zaidi ya hapo utahitaji pula (kifaa cha kuvutia) ya usukani, pula ya mikono ya boksi au walau pula imara ya miguu miwili, nyundo ya shaba au ya plastiki pamoja na ya chuma, ngumi ya kuwekea alama (panchi), koleo za kutolea springi za duara, vernia ya kupimia vipenyo, dizeli ya kuoshea, sinia lenye ukingo, na mizani ndogo ya springi kama ile ya wauza samaki. Mizani hiyo nitaieleza mbele.

Vaa miwani ya kazi. Vikombe vya beringi ni vya feleji ngumu, na feleji ngumu ikigongwa na nyundo ngumu huruka vipande.

Je, ni lazima boksi lote lishushwe kutoka kwenye trekta?

Kama kusudi ni kubadilisha beringi zote mbili za shafti kwa usafi, mimi hushauri lishuke. Wapo mafundi wanaoondoa safu na shafti boksi likiwa mahali pake, na kazi hiyo inawezekana, lakini huwezi kuosha boksi vizuri likiwa juu ya gia boksi, wala huwezi kuona kikombe cha chini kwa uhakika. Mchanga unaobaki chini utaila beringi mpya kama ulivyoila ya zamani.

Anza kwa kutoa waya za betri. Ondoa boneti na tangi la mafuta, kisha usukani, kisha ubao wa geji pamoja na waya na kebo zake, ukiziwekea vipande vya kitambaa vilivyoandikwa namba. Legeza rodi za akseleta zinazopita hapo. Halafu fungua rodi mbili za stelingi kutoka kwenye mikono ya boksi. Kabla ya kuvuta mikono yenyewe, piga alama kwa ngumi kwenye mkono na kwenye ncha ya shafti yake, kulia na kushoto, kwa sababu mikono imekaa juu ya meno madogo na ukikosea jino moja tu, tairi moja litatazama mbele na jingine kando. Mwaga mafuta, fungua bolti zinazolishikilia boksi, kisha linyanyueni watu wawili. Mara lilipotoka, funika uwazi uliobaki juu ya gia boksi kwa turubai safi au kipande cha bati. Nati moja ikidondokea humo itakuongezea siku ya kazi ambayo hukuipanga.

Usukani umegoma kutoka kwenye shafti. Nifanye nini?

Hili ndilo swali linalokuja kabla ya mengine yote kwa mtu aliyeanza kazi. Miaka hamsini ya kutu kati ya usukani na shafti haitoki kwa dakika tano. Legeza nati mpaka uso wake ulingane na ncha ya shafti, lakini usiitoe, ili uzi wa shafti ulindwe. Mwagia mafuta mepesi ya kupenyeza na uache usiku kucha. Asubuhi funga pula, ikaze, kisha igonge bolti ya katikati ya pula kidogo kwa nyundo, ukaze tena, ugonge tena. Usiupige usukani kutoka chini kwa nyundo nzito, na usiigonge ncha ya shafti ukidhani utaitikisa. Kila pigo la namna hiyo linafika moja kwa moja kwenye gololi na vikombe, na kama vikombe vilikuwa bado vizima, wewe ndiye utakayekuwa umevimaliza.

Nimefungua na gololi zimemwagika. Nitajuaje zilikuwa ngapi?

Ndiyo maana ya sinia. Gololi hizi hazimo ndani ya fremu kama za beringi ya kisasa. Shafti ikitoka, nazo hutoka. Fungua boksi likiwa juu ya sinia lenye kitambaa, toa shafti polepole, na uzihesabu gololi za juu na za chini kando kando, kila fungu kwenye kikopo chake. Za nati ya gololi ni fungu la tatu, na nazo zisichanganywe na nyingine hata kama zinaonekana kulingana. Andika idadi ukutani kwa chaki.

Hata hivyo, usiamini idadi uliyoikuta bila kuihakiki na kitabu, kwa sababu huenda aliyekutangulia alipoteza moja na akafunga bila kusema. Nimewahi kukuta boksi lenye gololi moja kubwa kuliko wenzake, ambayo bila shaka ilitolewa kwenye baiskeli. Gololi hiyo moja ilikuwa ikibeba mzigo wote, na kikombe kilikuwa na mfereji.

Baada ya kuosha, nitaamuaje kipi kibadilishwe na kipi kibaki?

Osha kwa dizeli, si kwa petroli, na ukaushe kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Usitumie upepo wa kompresa kuzungusha beringi, kwa sababu itazunguka kavu kwa kasi ambayo haikuumbiwa.

Tazama vikombe kwenye mwanga wa jua, si wa balbu. Njia ya gololi inatakiwa kuwa mstari unaong'aa bila mikwaruzo. Pitisha ncha ya kalamu ya wino juu yake. Ikikwama mahali, pana shimo. Rangi ya bluu au kahawia ni dalili ya joto au ukavu. Angalia pia shafti yenyewe mahali gololi zinapokimbilia, kwa sababu gololi mpya juu ya njia yenye vishimo ni kupoteza fedha. Hapo ndipo wengi wanapokosea: gololi ni za bei ndogo, wanazibadilisha peke yake, na baada ya msimu mmoja mchezo umerudi. Gololi, vikombe na njia ya shafti vimechakaa pamoja na vinafaa kuondoka pamoja. Ikiwa njia ya shafti imelika, nunua shafti pamoja na nati yake kama seti moja, kwa kuwa viwili hivyo vimelinganishwa kiwandani.

Kikombe cha chini kimekaza ndani ya boksi na hakina pa kushika.

Ipo njia ya karakana ambayo huwashangaza wanaoiona mara ya kwanza. Funika kila kitu kinachoweza kuingiwa na cheche, kisha mchomeleaji apitishe mstari mwembamba wa umeme kuzunguka ndani ya kikombe cha zamani. Mstari huo ukipoa husinyaa na kukivuta kikombe kwa ndani, na mara nyingi hutoka kwa kugongwa kidogo. Njia hii ni ya kikombe unachokwenda kukitupa tu.

Kikombe kipya kinaingia vizuri kikiwa baridi. Kifunge ndani ya mfuko wa plastiki na ukiweke kwenye friza usiku mzima. Duka la vinywaji la jirani halitakunyima nafasi. Pasha boksi kwa maji ya moto, ulikaushe upesi, kisha weka kikombe kikiwa sawasawa na ukisukume kwa kutumia kikombe cha zamani kilichosagwa kidogo kwa nje. Boksi ni la chuma cha kalibu, kwa hiyo usilipashe sehemu moja kwa gesi, linaweza kupasuka.

Spea zinapatikana wapi, na nitajuaje ni sahihi?

Bahati ya mwenye trekta hili ni kwamba aina hizi hazikufia Coventry. Kampuni ya TAFE nchini India, iliyoanzishwa mwaka 1960, na Millat ya Pakistani, iliyoanzishwa mwaka 1964, zimetengeneza matrekta ya Massey Ferguson kwa miongo mingi, na ndiyo sababu maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au ya Kirinyaga Road jijini Nairobi bado yana seti za boksi za trekta ambalo Uingereza liko kwenye maonyesho ya vitu vya kale.

Ubora, hata hivyo, haulingani. Nenda dukani na kitu cha zamani mkononi pamoja na vernia. Pima kipenyo cha nje cha kikombe, kina chake, na kipenyo cha gololi. Pima gololi kadhaa za pakiti moja, zikitofautiana, ziache. Seti ya shafti na nati ijaribu hapohapo: ishike shafti ikiwa imesimama wima, na nati inatakiwa kushuka yenyewe polepole kwa mzunguko laini bila kukwama. Ikikwama dukani itakwama na shambani.

Ninafungaje bila gololi kudondoka, na mizani ya samaki ni ya nini?

Paka grisi nzito kwenye vikombe na upachike gololi moja moja. Grisi itazishika kama ugali unavyoshika mboga. Ingiza shafti taratibu kwa mstari ulionyooka, na ukisikia mgongano wowote, toa na uhesabu upya. Kulazimisha hapa ndiko kunakovunja vikombe vipya.

Ukazaji wa beringi hizi hupangwa kwa shimu, yaani vile vibati vyembamba vilivyo kati ya kitako cha safu ya usukani na boksi. Ukitoa shimu, safu inashuka na beringi zinabana, ukiongeza, zinalegea. Anza na shimu zilezile ulizozikuta, funga bolti kwa usawa, kisha jaribu. Ukiwa bado hujafunga shafti za pembeni, rudisha usukani mahali pake, funga uzi kwenye ukingo wake na uuvute kwa mizani ya springi. Unachotafuta ni mvuto mdogo, sawa kwa mzunguko wote, bila shafti kupanda wala kushuka hata kidogo. Kiasi kamili kisome kwenye kitabu cha karakana. Mvuto ukipanda na kushuka katika mzunguko mmoja, kikombe hakijakaa sawasawa au kuna uchafu. Fungua tena. Najua inachosha, lakini bado hujarudisha tangi wala waya, na hutapata nafasi nyingine iliyo rahisi kama hii.

Wengi hukaza kupita kiasi kwa kudhani beringi italegea yenyewe baadaye. Gololi zilizobanwa kupita kiasi hazilegei, zinachubuka.

Na meno ya shafti za pembeni?

Rudisha kwa alama ulizopiga, usukani ukiwa katikati kamili ya mzunguko wake wote. Hesabu mizunguko kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, gawa kwa mbili, na hapo ndipo katikati. Skrubu za pembeni zirekebishwe usukani ukiwa hapo tu, mpaka mchezo uishe bila kukaba, kisha zungusha kutoka mwisho hadi mwisho kuhakikisha hakuna mahali panapokaza. Weka sili mpya na gasketi mpya bila kujadiliana na mfuko.

Nijaze grisi badala ya mafuta, ili yasivuje?

Hapana. Grisi husukumwa kando na gololi na hairudi, kwa hiyo njia ya gololi hubaki kavu huku boksi likionekana limejaa. Tumia mafuta ya gia ya SAE 90 hadi kiwango cha tundu. Kama yanavuja, kosa liko kwenye sili au kwenye shafti iliyolika mahali pa sili.

Vipi kuhusu beringi za kingipini?

Ni kazi ya nusu siku na mara nyingi ndiyo dawa ya usukani mzito. Trekta likiwa juu, fungua bolti ya mkono wa juu, toa ufunguo wa nusu mwezi, na kingipini kitashuka pamoja na habu. Beringi ya mzigo utaikuta chini, na kwa matrekta ambayo hayajapata grisi mara nyingi utakuta vumbi la kahawia mahali ilipokuwa. Badilisha pamoja na bushi za juu na chini. Ukifunga, sukuma grisi mpaka uione ikitoka pande zote. Kama haitoki, njia yake imeziba, na beringi mpya itakuwa vumbi kama ile ya kwanza.

Beringi za habu zinakazwa kiasi gani?

Kaza nati huku ukizungusha tairi mpaka lianze kukataa, rudisha nyuma hadi tundu la kwanza la pini, weka pini mpya. Shika tairi juu na chini ulitikise. Lisicheze, na lizunguke kwa uhuru.

Mkono wa boksi una ufa. Je, unaweza kuchomelewa?

Usichomelee mkono wa boksi, kingipini wala kichwa cha rodi, hata kwa safari ya mara moja hadi kijiji cha pili. Vifaa hivi vimetiwa ugumu kwa moto kiwandani, na moto wa kuchomelea huubadilisha ugumu huo pembezoni mwa mshono, ambapo jicho halioni. Vikivunjika, hakuna kingine kinacholielekeza tairi hilo.

Nimemaliza. Kabla ya kurudi shambani, nifanye nini?

Panga urefu wa rodi mbili, kila moja peke yake, boksi likiwa katikati, ili kila tairi litazame mbele. Kisha pima umbali kati ya matairi kwa mbele na kwa nyuma, kwenye urefu wa kitovu cha habu. Mbele pawe pembamba kidogo kuliko nyuma, kwa milimita chache, kama kitabu kinavyoelekeza. Kwa kuwa hakuna rodi ya kuunganisha matairi, ukirekebisha upande mmoja tu, usukani utakaa upande.

Endesha kwanza polepole kwenye uwanja mtupu, ukipinda hadi mwisho pande zote mbili. Baada ya saa kumi hivi za kazi, vuta usukani juu na chini tena kama ulivyofanya siku ya kwanza, kaza bolti za boksi na nati za mikono, na uangalie kiwango cha mafuta. Mchezo mdogo ukijitokeza wakati huo, mara nyingi kutoa shimu moja nyembamba kunatosha.